Mandela, Arusha na Shamba la Gatete

Tarehe 12 Juni 1964, mahakama mjini Pretoria ilimhukumu Nelson Mandela na wenzake kifungo cha maisha. Tarehe 28 Agosti 2000, mjini Arusha, Mandela huyohuyo, sasa mzee wa miaka 82, alisimamia utiaji saini wa mkataba wa amani wa Burundi. Mkataba huo unawataja Wahutu, Watutsi na Watwa kwa majina, na unaamuru kwamba katika jeshi kabila lolote lisizidi nusu. Hapo pana jambo la kueleza. Sheria alizofungwa kwa kuzipinga zilikuwa sheria za kuhesabu watu kwa nasaba zao, na mkataba aliowaletea Warundi nao unahesabu watu kwa nasaba. Wapo wanaoona hapo mkanganyiko, na wapo wanaoona unafiki. Tuyafuate mambo hatua kwa hatua kabla ya kumhukumu mzee.

Tuanze na ubaguzi wenyewe. Ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, jinsi ulivyoendeshwa na serikali ya Makaburu kuanzia mwaka 1948, haukuwa chuki ya mtu na mtu tu. Ulikuwa mfumo wa sheria uliofanya kazi kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa daftari: sheria ya 1950 iliamuru kila mtu aandikishwe kwa rangi yake. Pale ambapo sura ya mtu ilitia shaka, maofisa ndio walioamua, na mara nyingine walimchomeka mtu penseli kwenye nywele waone kama itaanguka au itanasa. Ngazi ya pili ilikuwa makazi: sheria nyingine ya mwaka huohuo iligawa miji, mtaa huu wa weupe, ule wa weusi, ule wa machotara, ule wa Wahindi. Ngazi ya tatu ilikuwa kunyimwa: kura, shule nzuri, kazi, na ruhusa ya kutembea bila pasi. Chini ya hayo yote kulikuwa na ardhi. Sheria ya ardhi ya 1913 ilikuwa imekwisha kuwabakizia Waafrika karibu asilimia 7 ya nchi, ikapandishwa kuelekea asilimia 13 mwaka 1936.

Jambo la kushika ni kwamba ngazi hizo zilisimama juu ya daftari. Ukiliondoa, afisa hawezi kujua nani wa kumfukuza mtaani wala nani wa kumnyima kura. Ndiyo maana daftari lilipofutwa mwaka 1991, mfumo uliobaki ulikuwa gofu.

Maisha ya Mandela yanaeleweka vizuri zaidi yakisomwa kama maisha ya mwanasheria aliyekutana na daftari hilo kila asubuhi. Alizaliwa Mvezo tarehe 18 Julai 1918. Mwaka 1952 alifungua na Oliver Tambo ofisi ya uwakili mjini Johannesburg, na wateja wao walikuwa hasa watu walioshikwa kwa makosa ya pasi, ya kukaa mtaa usiowahusu, ya kuingia mlango usiokuwa wao. Mwaka huohuo aliongoza watu wa kujitolea katika kampeni ya kuvunja sheria hizo hadharani. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville, chama chake cha ANC kikapigwa marufuku, na mwishoni mwa 1961 Mandela akawa kiongozi wa jeshi la chini kwa chini. Mapema mwaka 1962 alitoka nchini kwa siri kutafuta msaada, na mmoja wa viongozi wa kwanza kuonana nao alikuwa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Aliporudi alikamatwa. Miaka 27 ya kifungo, 18 kati yake katika kisiwa cha Robben, inajulikana vya kutosha, sina haja ya kuirudia. Aliachiwa tarehe 11 Februari 1990.

Muhimu zaidi kwetu ni miaka mitatu na ushei iliyofuata, ya mazungumzo na serikali ya F. W. de Klerk. Chama cha de Klerk kilitaka weupe wapate kinga kama kundi: sauti ya kuzuia maamuzi, na nafasi zisizotegemea wingi wa kura. Mandela na ANC walikataa. Walichokubali ni kugawana madaraka kwa muda, na kwa kura. Katiba ya mpito ya 1993 ilisema chama chenye viti 80 kati ya 400 kitaweza kutoa naibu rais, na chenye viti 20 kitaweza kuingia katika baraza la mawaziri, kwa miaka mitano, basi. Joe Slovo, mkomunisti mkubwa, ndiye aliyekuwa amependekeza mwaka 1992 kwamba waachwe watumishi wa serikali wa zamani kazini kwa kipindi, ili wasije wakabomoa nyumba wakiwa ndani yake. Katika masharti hayo yote rangi ya mtu haikutajwa. Kinga ilikwenda kwa chama, na ilikuwa na tarehe ya kwisha.

Sasa swali limezidi kuwa gumu. Kinga ya kundi aliyoikataa kwa weupe wa nchi yake, kwa nini aliikubali kwa Watutsi wa Burundi?

Jibu linaanza na namna ubaguzi wa Burundi ulivyofanya kazi, maana haukufanana na ule wa kusini. Ubaguzi wa rangi hasa Warundi waliujua wakati wa Wabelgiji: katika Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, Waafrika walipangiwa Buyenzi na Belge, mtaa unaoitwa sasa Bwiza, na Wazungu wakakaa kwao. Ubaguzi mwingine ulipandwa taratibu zaidi. Katika mageuzi yao ya utawala, Wabelgiji waliwaondoa machifu Wahutu mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1929 walikuwepo 27 kati ya machifu 133. Mwaka 1945 hakubaki hata mmoja.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, kufungiwa nje kuliendelea bila daftari. Hakukuwa na sheria iliyosema Mhutu asiwe afisa wa jeshi. Hakuwa afisa tu. Hakukuwa na sheria iliyomzuia mtoto wake kwenda sekondari. Matokeo ndiyo yaliyomzuia. Marais watatu waliofuatana, Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, walitoka wilaya moja ya Rutovu, mkoani Bururi, kwa hiyo hata Mtutsi wa Muramvya alikuwa na lake la kusema. Na hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote: kuyataja makabila kulichukuliwa kuwa kosa. Chini ya Bagaza, kuanzia 1976 hadi 1987, msemo rasmi ulikuwa kwamba Burundi ina Warundi tu. Msemo mzuri, na ungekuwa wa kweli laiti kambi ya jeshi ingekuwa na sura ya nchi.

Tuweke mifumo hiyo miwili ubaoni. Pretoria waliandika kundi la kila mtu ili waweze kumnyima. Bujumbura walikataza kundi lisiandikwe, ili aliyenyimwa asiwe na la kuonyesha. Mtu akilalamika kwamba darasa zima la maofisa ni la watu wa upande mmoja, anaambiwa analeta ukabila. Kwa hiyo mapambano ya kudai usawa Afrika Kusini yalilazimika kuanza kwa kufuta hesabu, na Burundi yalilazimika kuanza kwa kuruhusu watu wahesabu.

Kuna sababu ya pili, nayo ni damu. Tarehe 29 Aprili 1972, uasi ulianzia huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa katika siku za mwanzo. Jeshi lilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima kwa miezi, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara. Makadirio ya kawaida ni kati ya watu laki moja na laki tatu. Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye akashinda uchaguzi kwa karibu asilimia 65 ya kura, akawa rais wa kwanza Mhutu. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua. Watutsi wengi wakauawa vijijini kwa kulipiza, jeshi likaua nalo, na vita vikafuata. Weupe wa Afrika Kusini waliogopa kupoteza mali na ukubwa. Hapa kila upande uliogopa kumalizwa, na kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonyesha. Kura peke yake, kwa mtu aliye katika hali hiyo, haimpi usingizi.

Nyerere ndiye aliyefungua mazungumzo ya Arusha, Juni 1998. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na tarehe 1 Desemba viongozi wa kanda walimteua Mandela kuchukua nafasi yake. Alikuta kazi nyingi imekwisha kufanywa kwenye kamati. Kamati ya demokrasia na utawala bora iliongozwa na Nicholas Haysom, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyekuwa mshauri wa Mandela ikulu. Ile ya usalama iliongozwa na padri Mwitaliano, Matteo Zuppi, ambaye leo ni kardinali. Kwa hiyo si sahihi kusema mgao wa makabila ulikuwa wazo la Mandela. Alichochangia ni uzito wa jina lake na ulimi usiozunguka. Aliwaambia wanasiasa wa Burundi usoni kwamba kundi dogo kushika siasa, uchumi na jeshi peke yake hakukubaliki, na kwamba kuua raia wasio na hatia hakukubaliki pia. Alizikemea kambi ambamo jeshi lilikuwa limewarundika watu zaidi ya laki tatu, wengi wao Wahutu wa kuzunguka Bujumbura, na Buyoya, aliyekuwa amerudi kuwa rais, akakubali kuzifunga. Juni 2000 aliingia gereza la Mpimba kuwaona wafungwa. Hakuna mpatanishi mwingine ambaye Warundi wangeweza kuamini kwamba anajua gereza linanukaje.

Mkataba ulitiwa saini mbele ya Rais Bill Clinton na marais wa kanda, lakini ulikuwa na pengo. Pande zilizokaa mezani zilikuwa 19, na baadhi ya vyama vya Watutsi vilisita usiku ule vikasaini baadaye. Makundi mawili yenye bunduki hasa, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa yamesaini chochote. Vita viliendelea. Serikali ya mpito ilianza tarehe 1 Novemba 2001, Buyoya akiongoza miezi 18 na Domitien Ndayizeye akimpokea, huku askari wa Afrika Kusini wakiletwa kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni. CNDD-FDD iliingia serikalini baada ya makubaliano ya mwisho wa 2003, wakati Mandela alikuwa amekwisha kumwachia Jacob Zuma kazi hiyo.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, kwa sababu wengi wanaisifu au kuilaani bila kuijua. Mgao, kwa maana ninayoitumia hapa, ni sehemu ya nafasi ambayo sheria inaamuru ijazwe na watu wa kundi fulani. Mkataba wa 2000 uliweka mgao katika jeshi na polisi, si zaidi ya asilimia 50 kwa kabila moja, na katika Seneti, ambako kila mkoa unatoa watu wawili wa makabila tofauti. Asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi katika Bunge na serikali zilikuja baadaye, katika makubaliano ya Pretoria ya Agosti 2004, zikaingia katika Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005. Katiba hiyo iliongeza Watwa watatu bungeni, na wanawake wasiopungua asilimia 30.

Mgao huo unafikiwaje? Mpiga kura hachagui kabila, anachagua orodha ya chama. Sheria inakitaka kila chama kipange orodha yake hivi: kati ya wagombea watatu wanaofuatana, wa kabila moja wasizidi wawili. Chama cha watu wa upande mmoja hakiwezi kupanga orodha halali, hata kikitaka. Kura zikishahesabiwa, tume ya uchaguzi inaangalia kama 60 kwa 40 imetimia. Isipotimia, inaongeza wabunge wa kuteuliwa. Mwaka 2005 walichaguliwa 100: CNDD-FDD 59, FRODEBU 25, UPRONA 10, CNDD 4 na MRC 2. Vyama vitatu vya kwanza vikaongezewa watano watano, jumla 115. Asilimia 60 ya 115 ni 69, na asilimia 40 ni 46. Ukiwaongeza Watwa watatu, unapata Bunge la watu 118.

Hatua moja zaidi. Katiba ya 2005 ilidai theluthi mbili ya wabunge waliohudhuria ili sheria ipite. Katika kila wabunge 100, sitini hawatoshi, wanapungukiwa na saba. Kwa hiyo asilimia 40 haikuwa idadi ya heshima, ilikuwa ufunguo. Lakini angalia mahali ufunguo ulipo. Mtutsi aliyechaguliwa kwa orodha ya CNDD-FDD anahesabiwa ndani ya asilimia 40, na anapiga kura ya chama chake. Mgao unahakikisha kwamba sura fulani zitakuwepo, hauhakikishi kwamba sauti fulani itasikika. Chama kimoja kikipata theluthi mbili ya viti chenyewe, kina makabila yote ndani na ufunguo wote mfukoni.

Hilo si kasoro tupu. Ushindani ulihama kutoka baina ya makabila ukaenda baina ya vyama, na chaguzi zilizofuata mapambano makali yalikuwa kati ya CNDD-FDD na FNL, vyama viwili vilivyozaliwa katika uasi wa Wahutu. Dhahiri zaidi ni jeshi. Tarehe 13 Mei 2015, wakati wa mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, kundi la maofisa lilijaribu kuipindua serikali. Aliyeongoza jaribio lile alikuwa Jenerali Godefroid Niyombare, Mhutu aliyetoka msituni pamoja na rais mwenyewe. Wanajeshi waligawanyika, lakini hawakugawanyika Wahutu huku na Watutsi kule. Mtu aliyeishi 1972 au 1993 anajua thamani ya sentensi hiyo. Watu walikimbia hata hivyo, maelfu kwa maelfu kwenda Kagunga, upande wa Tanzania, na meli ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma.

Mgao una upande mwingine, na ni ule ambao Mandela wa 1952 angeutambua mara moja. Burundi haina kitambulisho kinachoandika kabila. Mgombea hujitaja mwenyewe. Hiyo ndiyo kinga iliyotenganisha mgao wa Arusha na daftari la Pretoria. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha kazi za mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali, ikayataka, miongoni mwa masharti mengine, yaonyeshe kwamba wafanyakazi wao ni 60 kwa 40. Ili kuonyesha, shirika lazima limwandike kila mfanyakazi na kabila lake. Handicap International lilikataa, likaondoka nchini. Namba ni zileile, kazi yake imegeuka: zamani aliyehesabiwa alikuwa mwenye madaraka, sasa anahesabiwa karani na dereva. Katiba mpya ya 2018 ilibakiza 60 kwa 40 lakini ikashusha kiwango cha theluthi mbili kwa sheria za kawaida hadi zaidi ya nusu, na ikaipa Seneti miaka mitano ya kutathmini kama mgao uendelee au ukome. Ufunguo ukaondolewa mlangoni, kitasa kikabaki.

Hadi hapa nimezungumzia viti. Kwa mtu wa Gatete, huku Rumonge, katika tambarare ya Imbo kati ya milima na ziwa, swali la Arusha halikuwahi kuwa la viti. Ni la michikichi. Ardhi hii inatoa mawese, mihogo na ndizi, iko karibu na barabara ya Bujumbura na karibu na mialo ya ndagala. Kila mtu anaitaka. Mwaka 1972 wenyeji wengi wa Rumonge waliouponyoka mkono wa jeshi walivuka kwenda Tanzania, wakapelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao hayakukaa tupu. Mengine yalichukuliwa na majirani. Mengine serikali iliwapa watu walioletwa kutoka kwingine, wengi wao kutoka milimani, na mengine yaliingizwa katika miradi ya michikichi iliyosimamiwa na shirika la serikali la maendeleo la Rumonge, lililopima viwanja upya na kufuta mipaka ya zamani. Kisha sheria ya ardhi ya 1986 ikatambua kwamba aliyekalia ardhi kwa miaka 30, au 15 kwa nia njema, anaweza kuwa mwenyewe. Hesabu tu: kutoka 1972, miaka 30 inaishia 2002.

Itifaki ya nne ya mkataba wa Arusha inasema mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Sentensi hiyo imebeba watu wawili. Wa kwanza ni mtoto wa aliyekimbia, aliyekulia Mishamo, anayeongea Kiswahili kuliko Kirundi, na anayeonyeshwa na mama yake mti wa mwembe kama ushahidi. Wa pili ni aliyepewa kiwanja na serikali, akapanda, akazika wazazi hapo, na ana karatasi. Hakuna kati yao aliyeiba. Aliyeiba, kama neno linafaa, ni serikali, nayo haiko shambani siku ya ugomvi.

Afrika Kusini ya Mandela ilikuwa imekutana na fundo hilohilo. Sheria ya kurejesha haki za ardhi ya 1994 iliweka tarehe ya kuanzia, 19 Juni 1913: aliyenyang'anywa kwa ubaguzi baada ya siku hiyo anaweza kudai. Anadai dhidi ya serikali, si dhidi ya anayekaa pale, na serikali inanunua ardhi au inalipa pesa. Watu wapatao 60,000 waliondolewa mtaa wa District Six mjini Cape Town baada ya kutangazwa kuwa wa weupe mwaka 1966. Wengi katika miji waliishia kuchukua fedha. Mfumo huo ni wa polepole, na umelalamikiwa sana. Lakini unamtenga mdai na mkaaji, wasishikane koo.

Burundi haikuwa na hazina ya kufanya hivyo. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, tunayoiita CNTB, ilianza kazi 2006. Chini ya Padri Astère Kana ilipendelea kugawanya: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyemkuta. Kuanzia 2011, chini ya Askofu Sérapion Bambonanire, ilielekea kumrudishia aliyekimbia yote, na hata kesi zilizokwisha kugawanywa zikafunguliwa tena. Njia ya kwanza iliwapa watu wawili mashamba yasiyotosha hata mmoja. Njia ya pili ilimfanya mkaaji kuwa mkimbizi wa ndani, na kwa kuwa katika tambarare hii waliokimbia 1972 wengi walikuwa Wahutu na waliopewa viwanja miongoni mwao walikuwamo Watutsi wengi, kila uamuzi wa mpaka ulisomwa kama uamuzi wa kabila. Fidia, nusu ya pili ya sentensi ya Arusha, ndiyo iliyokosekana, na bila hiyo nusu ya kwanza lazima imuumize mtu. Tanzania ilipunguza mzigo kwa kuwapa uraia wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000. Wangerudi wote, sijui Rumonge ingewaweka wapi.

Sasa naweza kusema ninavyoona. Mandela hakujikana. Alikataa hesabu iliyofungia watu nje na akakubali hesabu iliyowaingiza, na tofauti yake inapimika kwa maswali mawili: nani anayehesabiwa, na nani anayeandika. Pale hesabu ilipowagusa majenerali na wabunge waliojitaja wenyewe, ilifanya kazi, na jeshi ni ushahidi. Pale ilipoanza kushuka kwa watu wa kawaida, ilianza kunuka daftari. Alichokosea, yeye na wote waliokuwa Arusha, ni kulichukulia suala la ardhi kama la utekelezaji, la kushughulikiwa wanasiasa wakishakaa vitini. Katika nchi yake mwenyewe ubaguzi ulianza na ardhi mwaka 1913, miaka 37 kabla ya daftari. Mfuasi wa historia hiyo angetarajiwa kudai fedha za fidia mezani, mbele ya Clinton na wafadhili, kabla kalamu hazijafunikwa.

Itifaki ileile iliomba mambo mengine mawili ambayo hayakumvutia mpiga picha yeyote siku ile: rejista ya ardhi ya vijijini, na sheria ya mirathi. Sheria ya mirathi ilikwama kwa miaka, na mabinti wa waliorudi wakaachwa kwa huruma ya kaka zao. Rejista ilipata mlango mwaka 2011, sheria mpya ya ardhi ilipoziruhusu wilaya kufungua ofisi za kutoa vyeti. Cheti hakiulizi kabila. Kinauliza mpaka uko wapi na jirani anasemaje, na kwa Gatete hayo mawili bado ndiyo magumu kujibu.